Kipele cha uzi kwenye mtambo wa majeshi matatu

Geti la karakana halijafunguliwa, lakini yeye ameshafika. Ameketi kwenye ukingo wa saruji, mkoba mapajani, uso ameuelekeza ukutani ili makuruta wanaokwenda gwaride wasipate nafasi ya kumsemesha.

Wanamsemesha hivyo hivyo.

"Shikamoo, Mama Kipele," anasema mmoja, na wenzake wanaangua kicheko wakiwa wameshampita.

Ana miaka ishirini na sita na hana mtoto. Hiyo shikamoo haina heshima ndani yake, naye anajua. Hata hivyo anaitikia "marahaba" kwa sauti ndogo, kwa sababu akinyamaza ataonekana ana kiburi, na kiburi ndicho kitu cha mwisho anachotaka mtu amwone nacho siku hizi.

Askari wa zamu anapofungua, anaingia wa kwanza. Anawasha taa moja tu, ile iliyo juu ya meza yake, na kuvuta gunia lililojaa vifuniko vya turubai, kila kimoja kirefu kama kiganja na vidole vyake. Anachukua kimoja, anakipindua, anakipapasa kwa kidole gumba mpaka kidole kinasimama. Anapitisha ncha ya wembe. Kitu kidogo, mfano wa punje ya mtama, kinadondoka mezani.

Ni fundo la uzi. Alilishona yeye mwenyewe.

"Mikono ndiyo hiihii," anasema, akiitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyemwibia kuku. "Ilishona na inafumua."

Fundi huyu ni raia. Kambi ya mafunzo ilimwajiri kushona vifuniko vya viti na vya vishikio kwenye mtambo wa mazoezi, chombo kinachofanana na chumba cha dereva kilichokatwa kutoka kwenye gari lake na kuwekwa ndani ya ukumbi. Kuruta anaingia, anafungiwa mlango, anaona barabara au bahari au mawingu kwenye vioo vya mbele, na akikosea humo hamuui mtu.

Zamani kila jeshi lilikuwa na mtambo wake. La nchi kavu lilinunua wa lori, la majini likanunua wa boti, la anga likanunua wa ndege ndogo. Kila mtambo ulikuwa na mafundi wake na vipuri vyake, visivyoingiliana hata kwa skrubu moja. Gharama zikawaelemea. Ndipo wakubwa wakakubaliana utengenezwe mwili mmoja utumike kote: sakafu ileile, kiti kilekile, nyaya zilezile, vishikio vilevile. Kinachobadilishwa ni ubao wa mbele na picha. Asubuhi mtambo ni lori, mchana ni boti.

"Ni kama cherehani," anaeleza. "Unabadilisha mguu na uzi, mashine ni ileile. Leo unashona suruali, kesho unadarizi shuka."

Kambini wanasema gharama za mafunzo zilishuka karibu nusu. Mshahara wa fundi kwa mwaka mzima haufiki bei ya kiti kimoja cha mtambo huo, lakini analipa kodi ya chumba anachoishi na mama yake, na ndiyo kazi ya kwanza aliyowahi kupata yenye likizo.

Kwenye ule mwili mmoja, kando ya goti la kushoto la anayeendesha, kuna vishikio viwili vya chuma vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kinakata mafuta na kuzima injini. Cha pili kinamwaga povu la kuzimia moto. Somo gumu kuliko yote ni lile la moshi: taa zinazimwa, kuruta haoni kitu, anaamriwa kukata mafuta. Anatakiwa aanze kwenye goti lake, apime shibiri moja, ashike kishikio cha nje. Akivuta cha ndani, anamwaga povu huku chombo kinaendelea kwenda.

Chuma cha vishikio hivyo kilikuwa kinachubua mikono, hivyo fundi akaambiwa avishonee vifuniko vya turubai. Kwa kuwa vishikio ni vilevile kila mahali, kifuniko cha aina moja kilitosha majeshi yote. Hilo nalo likahesabiwa kuwa gharama iliyookolewa.

Mtambo haukusimama ili yeye ashone. Alikaa chini nyuma ya kiti cha mkufunzi, nje ya mlango, akisubiri zamu iishe apime turubai. Hapo ndipo aliposikia somo la moshi kwa mara ya kwanza.

"Kushoto," mkufunzi alikuwa akifoka kwenye kipaza sauti. "Kushoto kwako. Huna kushoto wewe? Mama yako hakukuzaa na kushoto?"

Mlango ulipofunguliwa, kijana mkubwa mwenye mabega kama kabati alitoka akilia. Hakujificha. Kamasi zilimtoka, akazifuta kwa mkono wa shati, wenzake wakiwa wamepanga mstari wanamtazama.

Fundi anasimulia hayo akiwa ameinamia wembe wake.

"Nilijiona mimi," anasema.

Aliacha shule darasa la tano. Mwalimu alimsimamisha asome ukurasa mbele ya darasa, maneno yakamgomea, akasimamishwa hapo mpaka kengele ilipolia. Kesho yake alimwambia mama yake tumbo linamuuma. Kesho kutwa likamuuma tena.

"Hakuna aliyenifukuza," anasema. "Nilikuwa naona aibu kurudi baada ya kukosa siku moja. Halafu ikawa nyingi, nikaona aibu zaidi. Mpaka leo sijarudi."

Kwa hiyo alipoketi kwenye cherehani ya mama yake jioni ile, akiwa na turubai mapajani, alifanya jambo ambalo hakuambiwa. Ndani ya kifuniko cha kishikio cha kukata mafuta, mahali kidole gumba kinapolala, alishona fundo la uzi. Kwa macho halikuonekana. Kwa kidole, gizani, lilikuwa wazi kama kokoto ndani ya kiatu.

Hakumwambia mtu. "Nilisema moyoni, wacha mtoto wa mwenzangu asitukanwe."

Makuruta waliligundua kabla mwezi haujaisha. Wakaliita kipele. Neno likapita bwenini kwa bwenini, kwa kunong'ona, bila kufika kwa wakufunzi: kwenye moshi usihangaike na goti, tafuta kipele.

Kabla ya hapo, karibu nusu ya makuruta walianguka somo la moshi mara ya kwanza. Sasa karibu wote walipita. Wakufunzi walifurahi, wakajipongeza kwamba mbinu zao zimekolea. Maofisa wa majini na wa anga walikuja kutazama, wakanywa chai, wakaomba vifuniko vyao vifanane na vya nchi kavu kila kitu, ili makuruta wa huku na wa kule wafundishwe sawasawa. Mgeni mmoja mwenye nyota nyingi alisimama mbele ya mtambo akasema kuwa huo ndio ushirikiano unaotakiwa.

Fundi alikuwepo, nyuma ya ukumbi, amesimama na wafagizi.

"Walipopiga makofi, na mimi nilipiga," anasema. Kidole gumba kimesimama. "Nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Nilijua wanachokipigia makofi ni kile cha kwangu. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Sikuwa nasaidia tena. Nilikuwa najisikia."

Akaagizwa ashone vya kambi zote za majeshi matatu. Alishona jozi zaidi ya mia mbili. Katika kila jozi aliweka fundo.

Vyombo vya kweli havina turubai. Lori la kweli, boti ya kweli, ndege ya kweli, vishikio vyao ni chuma kitupu. Hakuwa amewahi kupanda hata kimoja, na anasema hakuwahi kujiuliza.

Aliyelipia ni kuruta wa kike wa majini, aliyeletwa na kundi lake kujifunza kwenye mtambo wa kambi hii.

Alikuwa wa kwanza katika kundi lake. Siku ya kujaribiwa kwenye boti yenyewe, wakiwa wanakaribia gati lililo jirani na kambi, mkufunzi aliwasha moshi wa mazoezi na kuamuru akate mafuta. Kuruta akapeleka mkono. Akakuta chuma, na chuma kingine. Akapapasa cha kwanza, akapapasa cha pili, akarudi cha kwanza. Boti ilikuwa inaenda. Akavuta kimojawapo.

Povu lilifunika kila kitu mpaka kofia. Boti ikaligonga gati kwa ubavu, na makanika aliyekuwa amesimama nyuma akarushwa akavunjika mfupa wa bega. Mpaka sasa hawezi kuinua mkono juu ya kichwa. Ana watoto wawili wadogo na hajui kama atarudishwa kazini.

Kambini jambo hilo lilichekwa kabla halijahuzunikiwa. Walimwita kuruta Bi Povu. Walimwomba sabuni kila alipopita.

Kikao cha kumhoji kilifanyika ukumbini, karibu na mtambo. Fundi alikuwa sakafuni, amelala chali chini ya kiti, anakaza kamba za turubai. Hakuna aliyekumbuka kwamba yupo. Aliona viatu tu.

"Ulikuwa unatafuta nini muda wote ule?" mkufunzi aliuliza.

"Kipele, afande," kuruta akajibu. "Nilitafuta kipele sikukipata."

"Kipele? Cha usoni?"

Viatu vikacheka. Vyote vikasogea sogea kwa kicheko. Kuruta akanyamaza, hakusema tena, kwani angeeleza zaidi angewachoma wenzake wote waliopita kwa njia hiyohiyo. Wakaandika kwamba alichanganyikiwa. Akaondolewa kwenye mafunzo, akapelekwa jikoni kuosha masufuria huku akisubiri kurudishwa kwao.

Fundi alibaki chini ya kiti mpaka wote walipotoka.

"Nilisema nikihesabu mpaka kumi natoka nawafuata," anasema. "Nikahesabu. Nikaanza upya."

Nyumbani alimweleza mama yake. Mama huyo, ambaye ndiye aliyemfundisha cherehani na bado anawashonea majirani sare za watoto, alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tunatosha," mama akasema. "Kaa kimya, mwanangu. Kazi nyingine utaipata wapi?"

Hivi sasa mama haoni haya kukiri hilo. Anakaribisha mgeni aliyekuja kuandika habari hii katika chumba chao, anaondoa vitambaa kitandani ili pa kukaa papatikane, na kumsema bintiye mbele yake.

"Huyu tangu mdogo hawezi kuona mtu anahangaika," anasema. "Nikitafuta miwani yangu, ameshaniletea kabla sijasema imepotea. Nikitaka kutunga uzi kwenye sindano, ameninyang'anya. Nimemwambia, wewe mtoto, siku nitakayokufa utanifumba macho kabla ya wakati."

Binti anacheka kidogo, mkono mdomoni. Kisha anaacha.

"Lakini mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," mama anaongeza, akirudi kwenye gurudumu lake. "Hilo usilifiche, liandike. Nilimwonea huruma wangu, nikamsahau wa mwenzangu."

Fundi alinyamaza wiki sita.

Kilichomshinda ni dirisha la jikoni. Wafanyakazi raia hupanga foleni hapo mchana na sahani zao, na anayepakua akawa yuleyule kuruta, na aproni iliyomzidi, mikono imevimba kwa maji ya moto. Hakumjua fundi ni nani. Alimwona dada mmoja mwembamba asiyeinua macho.

"Dada, lete sahani, nikuongeze," alimwambia siku ya kwanza. "Unakula kama ndege."

Kesho yake akamwongeza tena. Ikawa mazoea. Akimwona kwenye foleni anatafuta kipande kizuri anamwekea pembeni, anasema huyu ni mgonjwa wangu, namnenepesha.

"Nilikuwa nikifika na sahani, ananitania, na mimi nacheka naye," fundi anasema. "Unaelewa? Nilicheka naye. Halafu nakwenda nyuma ya karakana, chakula nakimwaga."

Siku moja kuruta alimwambia hatamwona tena baada ya mwisho wa wiki, barua yake ya kurudi nyumbani iko tayari. Alimwambia kwa kutania, kwamba huko kwao watafurahi kupata mtu anayejua kuosha masufuria kijeshi. Fundi aliiacha sahani dirishani bila kusubiri kupakuliwa, akatoka kwenye foleni.

Mkuu wa karakana ni mzee aliyestaafu uaskari lakini wote wanamwita Sajini. Alikuwa anakunywa chai mezani pake. Fundi alisimama mbele yake na kifuniko mkononi, akakipindua, akamwekea.

"Papasa hapo, mzee wangu."

Sajini akapapasa. Kidole chake kikasimama. Akakitoa, akapapasa tena.

"Ni fundo," akasema. "Umesahau kulikata?"

"Sikusahau. Nililiweka walikute gizani."

Sajini akakipindua kifuniko tena, akakitazama kwa nje.

"Hivi viko vingapi?"

"Vyote vya kukata mafuta."

"Vya kwetu vyote?"

"Vya kwetu, na vya majini, na vya anga."

Sajini akavua kofia yake, akaiweka juu ya kikombe kana kwamba kikombe ndicho kinachoona baridi.

Anakumbuka asubuhi hiyo kwa tabasamu la upande mmoja. "Tulikuwa tunajisifu kwamba tukitengeneza kitu kizuri mahali pamoja, wote wanakipata," anasema. "Hatukukaa kuwaza kwamba tukiharibu kitu mahali pamoja, wote wanakipata pia. Na mimi nilivikagua vile vifuniko. Nilivikagua kwa macho."

Mafunzo yalisimamishwa katika majeshi yote matatu. Askari zaidi ya mia sita waliokuwa wamepita somo la moshi wakaitwa kurudia, wengine kutoka vituo vya mbali, wamekatishwa likizo. Kuna aliyeacha mke anakaribia kujifungua. Kuna aliyekuwa amevalishwa cheo. Wakaja wakapanga foleni mbele ya mtambo uleule, wakiwaka hasira, na kila aliyeuliza sababu alionyeshwa dirisha la karakana.

Ndipo lilipozaliwa jina la Mama Kipele. Mmoja alimtupia mezani glavu yenye matundu, akamwambia, "Nishonee na mimi ramani ya kwetu, nisije nikapotea njia."

Fundi aliipokea glavu. Aliziba matundu.

Wakubwa walitaka aondoke. Sajini ndiye aliyesimama katikati, akasema akiondoka nani atafumua mia mbili, na kuvitupa ni kutupa turubai nzima ambayo imeshalipiwa. Uamuzi ukawa kwamba atabaki, kwa nusu ya mshahara, mpaka kifuniko cha mwisho kitoke kikiwa laini. Na kwamba ataenda mwenyewe katika kila kambi, majeshi yote matatu, asimame mbele ya makuruta awaeleze kilichotokea, kwa sababu wao wakishakijua kipele watakitafuta hata mahali kisipokuwepo.

Hiyo ya pili ndiyo adhabu. Kufumua anasema ni kazi tu.

Kambi ya kwanza ilikuwa ya nchi kavu. Alipelekwa mbele ya ukumbi uliojaa. Alisimama, maneno yakagoma. Anasema aliiona picha ya ule ukurasa wa darasa la tano, mpaka namba yake ya chini. Watu wakaanza kukohoa.

"Nikasema, mimi ndiye niliyewadanganya vidole," anasimulia. "Basi. Hilo ndilo lililotoka. Halafu nikasema tena, samahani. Nikakaa. Sajini akamalizia."

Amebakiwa na kambi mbili, ya majini na ya anga. Ya majini ni Jumatatu. Ameomba, akitoka hapo, Sajini amfikishe nyumbani kwa yule makanika wa bega, ambaye hajawahi kuthubutu kumkabili. Hana cha kumpelekea. Mama yake amemshauri asipeleke chochote, aende tu akasemwe.

Leo lakini jambo lililomfanya aje kabla ya geti kufunguliwa ni lingine. Baada ya fundi kukiri, yule kuruta wa majini alitolewa jikoni na kupewa mwezi mmoja wa kujifunza upya, kwa goti na shibiri. Asubuhi hii anajaribiwa tena kwenye boti, moshi na gati lilelile. Wakubwa wameshasema hakutakuwa na mara ya tatu. Akishindwa, anakwenda kwao, kipele kisiwe tena kisingizio.

Tangu alipojua ukweli, kuruta huyo hajamsemesha fundi. Wakikutana njiani anamtazama kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa.

Fundi anafumua. Kila anayepita dirishani anamfanya ainue kichwa. Jua linafika kwenye mguu wa meza, linapanda juu ya gunia. Sajini amekwenda gatini na hajarudi. Mara mbili fundi anakata turubai badala ya uzi, na kila mara anajilaumu kwa sauti, "Tulia wewe."

Kisha mlango unabishwa.

"Hodi."

"Karibu."

Kuruta anaingia akiwa na nguo zilizolowa mpaka magotini. Mkononi ana shati safi lililokunjwa na alama ya waendesha boti, kile kitambaa kidogo chenye picha ya usukani kinachoshonwa kifuani. Kazi ya kuzishona alama hizo ni ya fundi. Hupewa yeye kila kundi linapohitimu, ingawa nje ya kambi kuna mafundi wengine.

"Nimepita," kuruta anasema. Hatabasamu.

"Hongera sana."

"Ahsante."

Analiweka shati mezani. Fundi ananyosha mkono kulichukua, na kuruta analivuta upande wake.

"Hapana, dada. Niazime sindano tu."

Fundi anampa sindano, na uzi wa rangi inayofaa, na kumsogezea kigoda. Kuruta anakaa. Anachukua muda mrefu kutunga uzi, analamba ncha, anakosa, analamba tena. Fundi anaweka viganja vyake chini ya mapaja, anavikalia.

Mshono wa kwanza unakwenda mrama. Wa pili unaufuata.

"Leo kwenye moshi nilianzia gotini," kuruta anasema bila kuinua macho. "Goti, shibiri, kishikio. Mkono ulienda wenyewe."

"Eeh."

"Hata mwanzo ningejifunza. Ningechelewa kidogo, ningetukanwa, nikalia chooni kama wengine. Lakini ningejua."

"Najua."

"Unajua sasa hivi."

Kuruta anavuta uzi, unafunga fundo pasipotakiwa, anauvuta kwa nguvu mpaka shati linajikunja.

"Kipele nimekisamehe," anasema. "Kwa kweli. Hata mimi nilikitumia nikijua ni wizi. Kisichonitoka ni zile wiki ulizokuwa unaniletea sahani, nakuongeza nyama, huku unajua."

Nje mtu anaburuta bomba la maji.

"Sina la kusema," fundi anasema hatimaye. Sauti yake ni ndogo kiasi kwamba inabidi mtu amsogelee.

"Basi usiseme."

Kuruta anamaliza, anakata uzi kwa meno, anavaa shati juu ya nguo zake zenye maji. Anasimama wima.

"Limekaaje?"

Fundi anatazama. Anasema baadaye kwamba hapo aliogopa kuliko pale ukumbini. Kwa tabia yake ya siku zote angesema limependeza, halafu angelichukua kwa hila siku ya kufua, alirekebishe bila mwenyewe kujua.

"Alama imepinda," anasema. "Chini imeenda kwapani."

Kuruta anajitazama kifuani, anavuta kidevu ndani ili aone vizuri. Kisha anacheka, kicheko kifupi cha puani. Anavua shati, anaokota wembe mezani, anakaa tena kwenye kigoda na kuanza kufumua mwenyewe, taratibu, uzi mmoja mmoja.

"Nikikwama nitakuuliza," anasema.

Fundi anarudi kwenye kazi yake, mgongo umeinama, masikio yote yakiwa upande wa pili. Anasema kuhusu Jumatatu anaogopa, na kuhusu nyumba ya makanika anaogopa zaidi, lakini atakwenda. Cha kutumaini, kwa leo, anacho kimoja tu, nacho ni kuulizwa.